Ramli Haijawahi Kukosa Jibu

Mwaka 2005 jarida la wachumi liitwalo Review of Economic Studies lilichapisha utafiti wa Edward Miguel, mchumi wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley. Utafiti huo ulihusu wilaya moja ya Tanzania ambayo, nadhani, wengi wa wasomaji wa jarida hilo wasingeweza kuionesha kwenye ramani. Wilaya hiyo ni Meatu. Wakati takwimu zinakusanywa ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga. Tangu 2012 imo katika Mkoa wa Simiyu, pamoja na Maswa, Itilima, Busega na Bariadi yenyewe, ambako makao makuu ya mkoa yapo. Miguel alikusanya habari za vijiji 67 kwa kipindi cha miaka 11, tangu 1992 hadi 2002, akaziweka sambamba habari za aina mbili ambazo kwa kawaida hukaa katika mafaili ya ofisi tofauti: kiasi cha mvua na idadi ya watu waliouawa.

Matokeo yake yanatisha kwa jinsi yalivyo wazi. Katika mwaka wa mvua iliyopita kiasi, ama ukame ama mafuriko, mauaji ya watu waliotuhumiwa uchawi yalikuwa takriban mara mbili ya mwaka wa kawaida. Mauaji mengineyo, yale ya ugomvi wa pombe, wizi au mashamba, hayakuongezeka kwa namna hiyo. Waliouawa walikuwa karibu wote wanawake, wengi wao wazee, na waliowaua mara nyingi walikuwa watu wa ukoo wao. Kuna jambo jingine ambalo wengi wanaounukuu utafiti huu hulipita haraka: katika miaka ya milipuko ya magonjwa, mauaji hayo hayakuonekana kupanda. Nasema ni jambo la kushangaza kwa sababu mchawi, kwa mujibu wa wanaomwamini, kazi yake kubwa ni kuleta maradhi na vifo. Iwapo imani peke yake ndiyo ingekuwa inaua, mwaka wa kipindupindu ungekuwa mwaka wa mapanga.

Wachumi huliona hilo wakahitimisha kwamba tatizo ni umaskini, na waalimu wa falsafa kama mimi hutarajiwa kujibu kwamba tatizo ni fikra. Kwa maoni yangu, njaa huchagua mwaka, lakini haiwezi kumchagua mtu. Ghala likiwa tupu, hakuna kitu ndani ya utupu huo kinachosema kwamba aliyelitia nuksi ni yule bibi anayeishi peke yake nyuma ya zizi, wala siyo mwenyekiti wa kijiji. Jina hilo hutoka mahali pengine. Hutoka kwa mtu aliyeombwa jibu, akalitoa.

Magazeti yetu huyaita mauaji haya “mauaji ya vikongwe”. Neno hilo limekuwa la kawaida kiasi kwamba hatulisikii tena. Lugha yetu ina neno mzee, ina bibi, ina ajuza, na Wasukuma wana neno mayu, mama, ambalo mwanamke mtu mzima huitwa kwa heshima hata na asiyemzaa. Sisi tukachagua neno la ngeli ya vitu. Simlaumu mhariri yeyote, lakini huwa nawaambia wanafunzi wangu waitazame ile vi- mwanzoni mwa neno, wajiulize imetoka wapi na inafanya kazi gani hapo.

Jambo hili si geni wala halikuanza na Miguel. Takwimu za serikali ambazo Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alizifanyia kazi zinaonesha kwamba kati ya 1970 na 1984 zaidi ya watu 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake, na zaidi ya nusu ya vifo hivyo vilitokea Usukumani. Mesaki aliutazama kwa makini mchango wa Operesheni Vijiji ya miaka ya sabini. Kaya ambazo zamani zilitengana kwa mashamba na malisho ziliwekwa bega kwa bega kwa amri. Ugomvi ambao zamani ulimalizwa kwa mmoja kuhama ukakosa mahali pa kwenda. Siasa ina mkono wake katika uchawi, na ni vizuri tulikumbuke hilo kabla hatujaanza kuwacheka wanakijiji.

Yapo pia macho mekundu, ambayo kila mtu aliyekulia kanda ile anajua yalivyohesabiwa kuwa alama ya mchawi. Fuatilia mnyororo wake, ndugu msomaji. Enzi ya ukoloni misitu ya Usukuma ilifyekwa kwa maelfu ya ekari ili kuwaangamiza mbung’o. Kisha pamba ikapanuka, ng’ombe wakaongezeka, kuni zikaadimika. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ambao ulifufua utaratibu wa asili wa ngitili, yaani kuacha eneo la malisho lipumzike hadi miti irudi. Lakini katika miaka yote ya uhaba, mwanamke aliyekosa kuni alipikia mabua, vijiti vya pamba na samadi kavu ya ng’ombe, ndani ya kibanda kisicho na dirisha. Moshi wa samadi si wa mzaha. Baada ya miaka arobaini ya moshi huo macho yanakuwa mekundu. Kwa hiyo tuna sababu ya kitabibu, sababu ya kiikolojia na sababu ya kihistoria, zote zimekaa juu ya uso wa mtu mmoja, na mwisho wa mnyororo anakuja kijana mwenye panga ambaye ameambiwa kwamba sababu ni moja tu na anaijua.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Kwa nini jibu la ramli lina nguvu kuliko lile la moshi?

Mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha 1937 juu ya Wazande wa Sudan ya kusini, alieleza mfano ambao kila mwalimu wa somo hili huutumia, nami sioni aibu kuutumia tena. Ghala la nafaka linaanguka na kuwaua watu waliokuwa wamekaa kivulini mwake. Wazande wanajua kabisa kwamba nguzo zilikuwa zimeliwa na mchwa. Wanajua pia kwamba watu wale walikaa pale kwa kuwa jua lilikuwa kali. Hawahitaji mganga kuwaambia hayo. Swali lao ni jingine: kwa nini mchwa wamalize kazi yao saa ileile ambayo watu hawa, siyo wengine, walikuwa chini yake? Sisi tuliosoma hujibu kwamba ni matukio mawili yaliyokutana, basi. Jibu hilo ni sahihi, na mbele ya maiti ni gumu kulitamka.

Tuna maswali mawili, basi, ambayo Kiswahili chetu kinayatenganisha vizuri kuliko sisi wenyewe. “Imekuwaje?” ni swali moja. “Kwa nini mimi?” ni jingine. Swali la kwanza lina majibu, na majibu hayo yanazidi kuwa bora kila muongo. Swali la pili, mara nyingi, halina. Mtoto wa nyumba ya kwanza na mtoto wa nyumba ya pili waling’atwa na mbu wa aina moja. Mmoja yu shuleni, mwingine kaburini. Tabibu anaweza kueleza habari za vimelea, upungufu wa damu, saa ambazo mgonjwa alicheleweshwa. Akiisha kueleza yote hayo, mama bado anauliza kwa nini wake. Tabibu mkweli hana la kusema. Mganga wa ramli anayo, na analo siku zote.

Ramli ya Usukumani ya kuku inajulikana. Mteja analeta kifaranga, kinapasuliwa, mganga anasoma alama za ndani. Sitaki kudai kwamba kila mfumu ni tapeli. Wapo wanaoamini wanachokisoma, na wapo ambao ni wajuzi wa kweli wa mizizi na magome, ambao Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002 lipo kwa ajili yao. Ninachoangalia ni umbo la mazungumzo. Mganga anasema ugonjwa umetoka karibu. Mteja anatikisa kichwa, kwani nani anaye adui wa mbali? Anasema yupo mtu mzima, wa kike, mwenye kinyongo. Mteja anamkumbuka shangazi aliyekataliwa sehemu ya mahari, au jirani aliyenyimwa chumvi. Mara nyingi mganga hata halitaji jina. Mteja ndiye anayeondoka nalo, akiamini kwamba amepewa, kumbe alikuja nalo. Sikumbuki kusikia kwamba kuna mganga aliyekitazama kifaranga, akanyamaza kitambo, akasema: “Baba, hapa sioni kitu. Mtoto wako ameugua tu.” Kama yupo, bila shaka hana wateja.

Kipimo cha elimu yoyote, kwa mtazamo wangu, ni kama ina nafasi ndani yake ya kusema haijui. Linganisha ramli na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Kila msimu mamlaka hiyo hutangaza kwamba maeneo fulani yanatarajiwa kupata mvua za wastani hadi juu ya wastani, na mengine wastani hadi chini ya wastani. Nimesikia lugha hiyo ikidhihakiwa kwenye magari ya abiria kutoka Bariadi hadi Mwanza: “Wastani hadi juu ya wastani! Si waseme tu hawajui?” Mzaha huo una ukweli ndani yake kuliko anayeutoa anavyodhani. Ndiyo, wanasema kwamba hawajui, lakini wanasema pia kiasi gani hawajui, na upande upi uzito umeegemea. Mkulima wa pamba au mtama anaweza kuifanyia kazi taarifa ya namna hiyo. Anaweza kugawa shamba, kupanda sehemu mbegu inayokomaa mapema, kuuza mbuzi wawili kabla hawajakonda badala ya baada. Asichoweza kufanya kwa taarifa hiyo ni kumchukia mtu.

Watu wengi huniambia kwamba sayansi nayo ni imani tu, kwa kuwa leo inasema hili na kesho inasema lile. Naona wameigusa sifa yake kubwa na kuiita kasoro. Vuka ziwa letu uende upande wa Kagera, mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipoonekana. Watu vijana walikonda na kufa, na ugonjwa ukapewa jina la Juliana, kutokana na kitambaa kilichokuwa kikiuzwa na wafanyabiashara wa magendo wa mpakani. Palikuwa na maelezo tayari kabla ya vipimo: ni uchawi wa waliodhulumiwa katika biashara hiyo, uliotumwa kuvuka mpaka. Maelezo hayo yalikuwa kamili, yana mkosaji, yana kosa na yana adhabu. Madaktari wa wakati huo hawakuwa na kitu kamili namna hiyo. Walikuwa na maswali. Lakini kipimo cha damu kilianza kupatikana mwaka 1985, na dawa za kufubaza virusi zikafuata baadaye, zikatoka kwa watu waliokubali kukaa miaka kadhaa na neno “hatujui” bila kulifunika. Maelezo ya magendo yamebaki pale yalipokuwa. Hayakuhitaji kusogea, kwa kuwa yalikuwa yamemaliza.

Nisieleweke vibaya kuhusu dini. Katika misiba yetu, ya Kikristo na ya Kiislamu, watu husema kazi ya Mungu haina makosa. Wapo wasomi wenzangu wanaoyaona maneno hayo kama usingizi. Mimi nayaona tofauti na ramli kwa jambo moja la msingi: anayeyasema hatoki pale msibani kwenda kumtafuta mtu. Faraja yake haidai mshitakiwa. Wanazuoni wa pwani, wakiisha kutoa fatwa au kueleza jambo zito, walizoea kumaliza kwa “Allahu aalam”, Mungu ndiye ajuaye zaidi. Ni adabu ya kielimu ya karne nyingi, na ni jirani wa karibu wa ile adabu ninayoitetea hapa. Muumini anaweza kukiri kwamba haijui siri ya Mola wake. Asiyeamini anaweza kukiri kwamba hakuna aijuaye. Wote wawili wanaweza kukaa mkeka mmoja usiku wa matanga, na hakuna bibi atakayeogopa kulala.

Wanaotaka uhakika uliotengenezwa si wanakijiji wa Itilima peke yao. Mwaka 2011 taifa zima lilielekea Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, aliyesema kwamba alioneshwa na Mungu dawa ya kikombe kimoja, kwa shilingi 500, inayotibu kisukari, saratani na UKIMWI. Foleni ya magari ilihesabiwa kwa kilomita. Walikuwamo wabunge, walikuwamo viongozi wa serikali, na nina hakika walikuwamo watu wenye shahada kuliko yangu. Wapo waliofia njiani, wapo walioacha dawa zao za hospitali. Mzee yule aliishi hadi 2021 na sidhani kwamba alitajirika kupita kiasi. Sina haja ya kumwita tapeli. Ninachokumbuka ni jinsi wenye nchi walivyoshughulika na foleni, barabara na vyoo, huku swali la kama kikombe kinaponya likisubiri.

Kisha ukaja mwaka 2020. Aprili taifa liliombwa kufanya maombi ya siku tatu, jambo ambalo halina ubaya wowote. Ubaya ulikuja baadaye kidogo, takwimu zilipokoma kutolewa zikiwa wagonjwa 509, na Juni tukatangaziwa kwamba ugonjwa umeondoka kwa nguvu za Mungu. Wakati huo kila nchi ilikuwa gizani. Hakuna aliyekuwa na hakika ya barakoa zipi, dawa ipi, muda gani. Serikali ingeweza kutuambia hivyo. Ingetwambia: haya ndiyo tunayoyajua, haya bado, na wiki ijayo huenda tukabadili maneno. Badala yake ilituletea hakika. Mwalimu wa siasa analazimika kuliona jambo hili kama somo la utawala: kiongozi asiyeweza kutamka “sijui” mbele ya wananchi atalazimika kuficha namba, kwa kuwa namba zina tabia ya kutamka kwa niaba yake.

Na ziko gharama ambazo hulipwa na watu wasiohusika kabisa. Tangu 2007 ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa kwa ajili ya viungo vyao, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa. Mei 2014 mwanamke mmoja mwenye ualbino aliuawa na kukatwa viungo mkoani Simiyu. Kuelekea uchaguzi mkuu wa 2015 Umoja wa Mataifa ulionya hadharani kwamba msimu wa kura ungeweza kuongeza hatari hiyo, kwani wapo watafuta vyeo wanaoamini kwamba ushindi hununuliwa kwa mganga. Uchaguzi, mgodi wa dhahabu, uvuvi: ni shughuli ambazo bidii ya mtu haitoshi kumhakikishia matokeo, na ndizo hasa zilizotajwa kila mara katika habari za uhalifu huu. Anayenunua kiungo cha binadamu ananunua kinga dhidi ya bahati. Hana njaa, ghala lake halijaanguka. Hawezi tu kuvumilia kwamba huenda akashindwa.

Sheria yetu je? Sheria ya Uchawi tunayoitumia mpaka leo ilitungwa na Waingereza mwaka 1928. Inamwadhibu anayedai kuwa na nguvu za uchawi na inamwadhibu pia anayemtuhumu mwenzake; mpaka hapo si mbaya. Lakini inampa Mkuu wa Wilaya uwezo wa kumwamuru anayeshukiwa uchawi ahamie na kuishi mahali maalumu. Yaani mtumishi wa Jamhuri anaweza kufanya uchunguzi, akaridhika, na kumhamisha raia kwa tendo ambalo hakuna kipimo kinachoweza kulithibitisha. Watetezi wa kifungu hicho husema kwamba kinamwokoa mtuhumiwa na hasira za umma. Huenda kimewahi kumwokoa mtu. Lakini kila anapohamishwa mmoja, kijiji kizima kinasoma muhuri wa serikali kama uthibitisho kwamba ramli ilisema kweli. Upande mwingine tumekuwa na marufuku: waganga walipigwa marufuku Januari 2009, na Januari 2015 wapiga ramli wakapigwa marufuku tena, wakakamatwa zaidi ya mia mbili. Kitu kikipigwa marufuku mara mbili katika miaka sita, maana yake kina wateja, na wateja hao wanacho wanachokitafuta ambacho hatujawapa.

Miaka michache iliyopita nilihudhuria mazishi ya kijana wa jamaa zetu katika kijiji kimoja nje ya mji wa Bariadi. Alikuwa ameanguka shambani asubuhi, akafikishwa kituo cha afya, akafa kabla ya adhuhuri. Karatasi waliyopewa wazazi ilikuwa na herufi tatu na sahihi. Baba yake alinipa niisome, kwa kuwa mimi ndiye “mwalimu wa chuo”. Nilimweleza kwamba herufi zile ni kifupi cha maneno yanayomaanisha kwamba moyo na pumzi vilisimama. “Hilo nililiona mwenyewe,” alinijibu. Jioni ile mjomba mmoja alishauri waende kuangaliziwa, na sikuona hoja yoyote ya chuo kikuu ambayo ingeshindana na ushauri huo, maana kile kituo cha afya hakikuwa kimesema kwamba hakijui. Hakikuwa kimesema chochote. Mzee mmoja wa kanisa ndiye aliyewazuia, kwa maneno machache: kwamba kijana huyu hawezi kurudi, na ukienda kuuliza utarudi na jina, ukishakuwa na jina hutalala tena. Hawakwenda.

Najua jibu ambalo wengine wataniandalia. Mhadhiri ana mshahara tarehe ishirini na kitu, ana bima ya afya, ana pensheni inayomngoja. Kwake kutokuwa na hakika ni mada ya semina. Mwenye ekari tatu za pamba hajui mvua, hajui bei ambayo inategemea masoko ya nje ya nchi, hajui kama mnunuzi atalipa papo hapo au atamwandikia karatasi. Kumwambia mtu huyo azoee mashaka ni sawa na kumwambia aliye majini azoee maji. Hoja hiyo naikubali, na ndiyo sababu sipendi mahubiri dhidi ya ushirikina yanayotolewa na watu walioshuka kwenye gari la serikali. Mashaka yapo ya namna mbili. Yapo ambayo hakuna serikali duniani itakayoyaondoa: nani atakufa kijana, radi itapiga mti upi. Na yapo ambayo tumeyaacha tu, kwa uvivu au kwa ubahili, yakajilimbikiza juu ya yale ya kwanza mpaka mzigo ukawa haubebeki. Ukimpunguzia mtu haya ya pili, atakuwa na nguvu ya kuyabeba ya kwanza.

Tabibu anayeongea Kisukuma au mwenye mkalimani, anayekaa na familia robo saa kueleza kilichojulikana na kisichojulikana, hahitaji mashine ya mabilioni. Bima ya mazao inayolipa mvua ikipungua kiwango fulani inawezekana. Wakati wa maonyesho ya Nane Nane kitaifa yaliyofanyika Nyakabindi kuanzia 2018, matrekta ndiyo yaliyovuta macho ya watu. Bima haivuti macho, kwa kuwa haing’ai na haina honi.

Lakini kama ningepewa kitu kimoja tu cha kuomba, ningeomba kile ambacho Miguel mwenyewe alikipendekeza baada ya kuvitazama vifo vya Meatu: pensheni kwa wazee. Alitoa mfano wa Afrika Kusini, ambako katika jimbo la kaskazini mauaji ya wanaoitwa wachawi yalipungua sana katika miaka ileile ambayo pensheni ya uzeeni iliwafikia wazee weusi wa vijijini. Bibi anayeleta fedha nyumbani kila mwezi huwa wa mwisho kutuhumiwa kwamba anaila nyumba. Haihitajiki kumbadilisha mtu yeyote imani yake ili jambo hilo lifanye kazi. Zanzibar ilianza kulipa pensheni jamii Aprili 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mwenye umri wa miaka 70 na zaidi, bila kuuliza kama aliwahi kuajiriwa. Upande wa Bara tuna mpango wa TASAF kwa kaya maskini, tuna sera ya wazee tangu 2003, na tuna ahadi. Mwanamke wa miaka 70 kule Micheweni, Pemba, anajua kwamba mwezi ujao kuna kitu kitaingia mkononi mwake. Mwenzake wa umri huohuo aliyeko Itilima, mwenye macho yaliyoharibiwa na moshi, anaangalia mawingu kama kila mtu kijijini anavyoyaangalia, na ana sababu moja zaidi ya kuomba mvua inyeshe.